Mkono Uliokwisha Kujifunza Kazi: Somo Juu ya Kubadilishiwa Programu ya Kompyuta Kazini



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni habari ya vitufe vya kompyuta. Mfanyakazi anaingia kazini asubuhi, anawasha kompyuta ile ile, anafungua programu ile ile ya kuchora na kupanga kurasa, na mara anaona kwamba vitufe alivyovizoea kwa miaka mingi havifanyi tena kazi ile ile. Programu imebadilishwa, limewekwa toleo jipya. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemwonya, na mteja amekaa kwenye benchi anangoja.

Huku kwetu Nchelenge na Kashikishi kazi hii imekua. Siku hizi kuna vijana wenye kompyuta wanaotengeneza kadi za harusi, ratiba za mazishi, fulana za shule, mabango ya makanisa na ya wauza samaki. Kila mwezi wa Julai, sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe inapokaribia kule Mwansabombwe, kazi hujaa. Ukifika uchaguzi, kama ule wa Agosti 2021, kazi hujaa zaidi. Miongoni mwa vijana hao wamo wasemaji wa Kiswahili waliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, Kilwa na Pweto, na wengine wametoka katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Ndio tunaosema nao kwanza katika ukurasa huu. Lakini karani wa hospitali na karani wa halmashauri wasiruke somo hili. Nao wana kompyuta mbele yao, na programu zao nazo hubadilishwa.

Swali la somo ni hili: chombo cha kazi kinapobadilishwa, hasara ya siku za kujifunza upya ailipe nani?

1. NJIA YA MKATO NI NINI

Kila programu ya kuchora ina amri nyingi: kata, nakili, bandika, rudi nyuma, kuza picha, hifadhi kazi. Amri moja inaweza kufikiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kushika kipanya, kufungua menyu, kuitafuta amri na kuibonyeza. Njia ya pili ni kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, kwa mfano Ctrl na C ili kunakili. Hii ya pili ndiyo inayoitwa njia ya mkato.

Njia hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilibuniwa na watu. Larry Tesler, fundi wa kompyuta wa Marekani aliyefariki mwaka 2020, ni mmoja wa waliobuni kazi ya kukata, kunakili na kubandika katika miaka ya 1970, alipokuwa kwenye maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Kisha kompyuta ya Apple iliyoitwa Lisa, ya mwaka 1983, ikaziweka amri hizo pamoja na ile ya kurudi nyuma kwenye herufi Z, X, C na V. Tazama kibodi yako: herufi hizo nne zimekaa pamoja kwenye mstari wa chini, chini ya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unabaki na kipanya, wa kushoto unatoa amri. Waliopanga hivyo walimfikiria mtu anayefanya kazi.

Mfanyakazi mpya huanza kwa kutazama vitufe. Baada ya miezi hatazami tena. Baada ya miaka, ukimwuliza, "Unabonyeza kitufe gani kurudisha nyuma?" itambidi aweke mkono juu ya kibodi ndipo akujibu. Ni kama mshona nyavu wa Kashikishi. Mkono unapitisha sindano na kufunga fundo huku yeye anazungumza na jirani yake juu ya bei ya samaki. Ujuzi umetoka kichwani ukahamia mkononi, na kichwa kimebaki huru kufikiri kazi yenyewe.

Wepesi huo wa mkono mwajiri hakuununua dukani pamoja na kompyuta. Mfanyakazi aliupata kwa kurudia kazi ile ile maelfu ya mara. Lakini kila siku duka linafaidika nao.

2. KWA NINI MABADILIKO HUUMA

Wengi wetu wa Mkoa wa Luapula tumepita barabara ya Kongo inayokwenda Copperbelt, kwa daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008. Upande wa Zambia dereva hushika kushoto. Akivuka tu, anashika kulia. Dereva hajasahau kuendesha gari. Lakini kwa muda ule wa kwanza anakwenda polepole na hazungumzi na abiria, kwa sababu mkono wake unataka kurudi kule ulikozoea. Kama angekuwa anajifunza gari kwa mara ya kwanza, asingekuwa na vita hiyo ndani yake. Mazoea ya zamani ndiyo yanayopigana na kanuni mpya.

Daraja la Chembe lina tofauti moja na programu. Pale mpakani dereva anajua kuwa amefika mpakani. Kwenye kompyuta hakuna mpaka unaoonekana. Kioo ni kile kile, jina la programu ni lile lile.

Tuchukue mfano wa kweli. Programu ya Photoshop inajulikana na kila anayeshughulika na picha. Kwa miaka mingi, ukitaka kukuza picha bila kuharibu uwiano wa urefu na upana wake, ulishikilia kitufe cha Shift. Bila kukishikilia, picha ilivutika ovyo. Katika toleo lililotoka Oktoba 2018 jambo hilo liligeuzwa. Picha sasa hujishikia uwiano wake yenyewe, na anayebonyeza Shift ndiye anayeivuta na kuiharibu. Maana yake, mwangalifu aliyefundishwa vizuri ndiye aliyeanza kutoa picha zenye nyuso pana.

Katika toleo hilo hilo walibadilisha pia Ctrl na Z. Zamani ilirudi hatua moja tu, na ukiibonyeza mara ya pili ilirudisha kile ulichokiondoa. Wachoraji waliitumia kulinganisha: kabla, baada, kabla, baada. Sasa kila ukibonyeza inazidi kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Aliyezoea kulinganisha akabonyeza mara sita, akakuta hatua sita za kazi yake zimeondoka.

Si kampuni kubwa peke yake. Programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure, katika toleo lake la 2.8 la mwaka 2012 iliamua kwamba amri ya kuhifadhi, Ctrl na S, ihifadhi kwa aina ya faili yake yenyewe tu. Anayetaka picha ya kawaida ya kumpa mteja alitakiwa kupita njia nyingine. Watumiaji wengi walilalamika, wengine kwa miaka.

Tuseme ukweli, ndugu. Mabadiliko haya si yote mabaya. Programu nyingine nyingi zilikuwa tayari zinarudi nyuma hatua kwa hatua, na kijana anayeanza leo anaona njia mpya ya Photoshop ni rahisi kuliko ile ya zamani. Chama kinachopinga kila kitu kipya kwa sababu ni kipya hakiwasaidii wanachama wake. Neno letu ni jingine. Asiyejua hakupoteza kitu siku ile ya mabadiliko. Aliyepoteza ni yule mwenye miaka kumi ya kazi. Faida ilienda kwa wote, gharama ikamwangukia yeye.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mchoraji anatumia njia za mkato mara 600 kwa siku, na baada ya mabadiliko kila mara anapoteza sekunde 5 kwa kusita na kusahihisha. Hizo ni sekunde 3,000, yaani dakika 50 kwa siku. Kwa siku 12 za kazi ni dakika 600, au saa 10. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi, na kama analipwa kwa kipande, siku hiyo imetoka mfukoni mwake. Mwaka 2024, ukame ulipoyapunguza maji ya Kariba na umeme ukawa wa saa chache, saa moja ya kompyuta ilikuwa na thamani kubwa kuliko zamani. Aliyepoteza dakika 50 wakati kama ule alipoteza sehemu kubwa ya kazi yake ya siku.

3. KISA CHA DUKA MOJA

Nitaeleza kisa kimoja ambacho niliitwa kukisuluhisha. Duka sitalitaja, wala watu wake. Lina wafanyakazi wawili wanaolipwa kwa kipande, na ni duka la kawaida tu.

Mwenye duka aliwekewa toleo jipya la programu siku ya Jumapili. Hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa ni zuri zaidi, akakubali. Jumatatu asubuhi kijana mmoja alipewa kazi ya bango la mazishi lenye picha ya marehemu. Kazi ilikuwa ya haraka na umeme ulikuwa karibu kukatika. Akakuza picha kama alivyoikuza siku zote, akapanga maneno, akapeleka faili Mansa likachapwe. Bango liliporudi kwa basi, uso wa marehemu ulikuwa umepanuka. Familia ililikataa, na walikuwa na haki. Hakuna anayependa kumzika mzee wake chini ya sura isiyo yake.

Mwenye duka alisema bei ya bango itakatwa katika malipo ya kijana. Kijana akamjibu kwa heshima, "Bosi, kompyuta ni yako, na programu uliiweka wewe. Mbona hasara inakuwa yangu?"

Tulikaa wote wanne. Sikuanza na sheria wala na maneno makali. Nilimwomba kijana aonyeshe kwenye kompyuta jinsi alivyofanya, polepole. Kisha nilimwomba mwenye duka akae yeye mwenyewe, kwa kuwa naye aliwahi kuifanya kazi hiyo kabla ya kuajiri watu. Akashika Shift, akavuta picha, nayo ikapanuka mbele ya macho yake. Akacheka, kisha akanyamaza.

Makubaliano yalikuwa haya. Makato yaliondolewa na duka likabeba gharama ya bango. Kwa wiki moja, saa mbili za asubuhi zilikuwa za kujifunza, na zililipwa. Na tangu siku ile hakuna toleo jipya linalowekwa bila wafanyakazi kuambiwa mapema. Tulichokikosa ni kimoja. Vipande walivyoshindwa kumaliza katika siku zile za kwanza havikulipwa. Hatukuwa na karatasi yoyote iliyotiwa sahihi kabla ya jambo kutokea, na baada ya jambo kutokea mwenye duka alikuwa amekwisha kufunga hesabu zake. Hilo ndilo funzo la kisa hiki kwa tawi lolote: zungumza kabla.

4. NJIA YA ZAMANI INAWEZA KUACHWA WAZI

Mara nyingi mfanyakazi huambiwa, "Ndivyo teknolojia ilivyo, haiwezekani kurudi." Maneno hayo yachunguzwe, kwa sababu mara nyingi si kweli.

Katika Windows za zamani, kunakili kulikuwa Ctrl na Insert, na kubandika kulikuwa Shift na Insert. Ctrl na C, Ctrl na V zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia ya zamani haikufungwa. Mpaka leo inafanya kazi. Jaribu ukifika kazini. Vivyo hivyo Office ya 2007 iliondoa menyu nyingi za zamani ikaweka utepe mpya juu ya kioo, lakini njia nyingi za kitufe cha Alt walizozizoea watumiaji wa toleo la 2003 ziliachwa zifanye kazi.

Mfano ulio wazi zaidi ni InDesign, programu ya kupanga kurasa. Wenye programu hiyo walitaka kuwavuta watu waliokuwa wakitumia QuarkXPress na PageMaker. Wakaweka ndani yake orodha za vitufe za programu hizo mbili, ili mpangaji wa kurasa ahamie chombo kipya akiwa na mkono wake wa zamani. Inkscape, ambayo ni ya bure, nayo ina orodha za vitufe zinazofanana na za CorelDRAW na Illustrator.

Kwa hiyo watengenezaji wanaijua thamani ya mazoea ya mkono. Wanapomtafuta mteja, wanayaheshimu. Akiisha kupatikana, mara nyingine wanayasahau. Njia ya zamani kubaki wazi au kufungwa ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kujadiliwa.

5. WENZETU WALIOTANGULIA

Wapiga chapa walikutana na jambo hili kabla yetu. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mtambo wa Linotype uliobuniwa na Ottmar Mergenthaler. Mtambo huo uliyeyusha risasi na kutoa mistari ya herufi. Kibodi yake ilikuwa na vitufe 90, na herufi zilipangwa tofauti kabisa na za taipureta: zile zinazotumika zaidi katika Kiingereza, kuanzia e, t, a, o, i, n, zilikuwa upande wa kushoto. Fundi alitumia miaka kujifunza. Kompyuta zilipoingia, ufundi huo wa mikono haukuwa na pa kwenda. New York Times liliachana na Linotype usiku mmoja wa Julai 1978, na mafundi wakaketi mbele ya vibodi vya namna nyingine.

Lakini chama chao, Namba 6 cha wapiga chapa wa New York, hakikungoja usiku ule. Mwaka 1974 kilitia sahihi mkataba: magazeti yataweka mitambo mipya, nao wanachama waliokuwepo watahakikishiwa kazi maisha yao yote. Mkataba huo haukuuokoa ufundi wenyewe. Vijana waliofuata hawakuupata. Lakini uliwakinga mafundi wake wasifukuzwe kwa sababu vidole vyao vilijua kibodi ya zamani.

Tazama sasa upande wa pili. Januari 1986 kampuni ya magazeti ya Rupert Murdoch huko Uingereza ilihamishia kazi Wapping, London, ambako mitambo ya kompyuta ilikuwa imekwisha kufungwa kwa siri. Wapiga chapa waligoma. Zaidi ya watu 5,000 walifukuzwa. Walisimama nje ya lango kwa muda wa mwaka mzima, na mgomo ukaisha Februari 1987 bila wao kurudi kazini. Tofauti kubwa kati ya visa hivi viwili ni wakati: mmoja ulijadiliwa mitambo ikiwa bado nje ya lango, mwingine mitambo ikiwa ndani na mlango umefungwa.

Wapo waliokwenda mbele zaidi. Kule Norway, chama cha wafanyakazi wa chuma kilifanya kazi na mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili wafanyakazi waielewe mitambo kabla haijaletwa. Mwaka 1975 ukapatikana mkataba wa taifa uliowapa haki ya kupewa habari za mitambo hiyo. Kisha kati ya 1981 na 1985 vyama vya wapiga chapa vya nchi za Skandinavia vilishirikiana na watafiti wa Uswidi na Denmark katika mpango ulioitwa UTOPIA, wa kubuni programu ya kupanga kurasa za magazeti. Kompyuta waliyoitaka ilikuwa bado haijatengenezwa. Wakajenga mfano wake kwa mbao na karatasi ngumu, mpiga chapa akakaa mbele yake na kuonyesha mkono wake unataka kitufe kikae wapi. Mtu wa elimu ya msingi kama mimi anaweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu inayotakiwa pale ni elimu ya kazi.

Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo juu ya kazi za mbele ya kioo cha kompyuta, namba 90/270. Linasema mfanyakazi afundishwe kabla ya kuanza na kila mahali pake pa kazi panapobadilishwa kwa kiasi kikubwa, kwamba programu ilingane na kazi na ujuzi wa anayeitumia, na kwamba asipimwe kwa siri na kompyuta yake. Agizo hilo si sheria ya Zambia. Lakini maneno mazuri yanaweza kuazimwa na kuandikwa katika mkataba wa pamoja popote.

Nasi tuna sheria yetu, Sheria ya Kanuni za Ajira, Namba 3 ya 2019. Kwa sheria hiyo mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi bila sababu halali, na ikiwa sababu ni utendaji wake wa kazi, lazima kwanza mfanyakazi apewe nafasi ya kusikilizwa. Akipunguzwa kazini kwa kuwa kazi yake imeondolewa, anastahili malipo yasiyopungua mishahara ya miezi 2 kwa kila mwaka aliotumika. Kwa hiyo anayeambiwa, "Umekuwa mzito tangu tubadilishe programu, nenda," asiende kimya. Amwone mwakilishi wake, kisha ofisa wa kazi.

6. YA KUFANYA KAZINI

Haya yanaweza kufanywa wiki hii hii, bila mkutano:

(a) Andika katika daftari njia za mkato unazozitumia kila siku. Programu nyingi za kuchora, kama CorelDRAW na Photoshop, hukuruhusu pia kuihifadhi orodha yako ya vitufe kama faili. Ihifadhi kwenye flashi yako. Hicho ni chombo chako, kama sindano ya mshona nyavu.

(b) Kama ni Photoshop iliyogeuzwa, fungua menyu ya Edit, shuka mpaka Keyboard Shortcuts. Humo mna kisanduku cha kurudisha njia ya zamani ya Ctrl na Z. Kitie alama, funga programu, uifungue tena. Kisanduku cha kurudisha matumizi ya zamani ya Shift kiko katika Preferences, sehemu ya General.

(c) Toleo jipya lisiwekwe katikati ya kazi ya mteja, wala Julai, wala wiki ya uchaguzi. Programu za kulipia kwa mwezi, kama za Adobe tangu mwaka 2013, zinaweza kujibadilisha zenyewe. Mwombe mwenye duka azime mabadiliko ya kujiendesha, ili siku ya kubadilisha muichague ninyi.

(d) Toleo la zamani lisifutwe mpaka wote wamelizoea jipya, pale programu inaporuhusu.

(e) Aliyetangulia kujifunza amfundishe mwenzake. Asiufiche ujuzi ili aonekane bora mbele ya bosi. Leo amekwama mwenzako, kesho ni zamu yako.

7. YA KUDAI KWA PAMOJA

Haya yajadiliwe na kuandikwa, na kutiwa sahihi kabla hayajahitajika:

1. Mwajiri atoe taarifa ya siku 14 kabla ya kubadilisha programu au mtambo.
2. Mfanyakazi mmoja aijaribu kwanza na kueleza matatizo, kabla haijawekwa kwenye kompyuta zote.
3. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, kwa malipo.
4. Anayelipwa kwa kipande, katika wiki za kujifunza alipwe wastani wa malipo yake ya miezi 3 iliyopita.
5. Kosa linalotokana na mabadiliko, katika wiki hizo, lisikatwe katika mshahara.
6. Uzito wa kazi katika muda huo usiwe sababu ya kumwachisha mtu.
7. Pale programu inaporuhusu njia ya zamani, mfanyakazi achague mwenyewe.

Wengine watasema, "Sisi tuko wawili tu dukani, nani atatusikiliza?" Ni kweli kwamba watu wawili ni wachache. Lakini maduka ya Kashikishi na Nchelenge hayako mbali. Wafanyakazi wa maduka sita wakikaa pamoja jioni moja na kuandika karatasi moja, kila mwenye duka atapokea maneno yale yale, wala hataogopa kwamba jirani yake anamzidi kwa kubana wafanyakazi. Kwa kuwa wengi wetu huko tunasema Kibemba na Kiswahili, karatasi iandikwe kwa lugha zote mbili pamoja na Kiingereza, ili asiwepo wa kutia sahihi kitu asichokielewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Mahali pako pa kazi, ni chombo gani kilichobadilishwa katika miaka 2 iliyopita? Nani aliamua? Nani aliambiwa?
2. Siku za kujifunza zililipwa? Kama hazikulipwa, kila mtu alipoteza kiasi gani? Fanyeni hesabu kwa kwacha.
3. Je, kuna aliyekatwa malipo kwa kosa lililotokana na mabadiliko? Kumbukumbu zake ziko wapi?
4. Kati ya madai saba yaliyo juu, ni mawili yapi mnayoweza kuyapata mwaka huu? Nani atakwenda kusema na mwajiri, na lini?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi na yaletwe kwenye mkutano ujao. Tutayatumia kuandaa karatasi ya makubaliano kwa maduka yote ya kando ya ziwa, kabla kazi za Mutomboko hazijaanza kuingia.